Mwalimu, Kompyuta Yako Haijafa

Tarehe 14 Oktoba 2025 ilikuwa Siku ya Nyerere. Karakana nimeifunga, nimekaa nyumbani na kikombe cha chai. Simu ndiyo haikujua kama ni sikukuu. Kufika saa nne asubuhi nilishapata ujumbe zaidi ya kumi, wote swali moja: fundi, ni kweli leo kompyuta zote zenye Windows 10 zinazimwa? Mmoja alikuwa ameshachomoa waya ukutani, eti kwa usalama.

Kesho yake, kabla sijamaliza kufagia kibarazani, akaja mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa miaka mingi. Laptopu ameifunga kwenye khanga kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimeileta kabla haijakata roho."

Ndani ya laptopu hiyo kuna hesabu za kikoba chao tangu 2017: nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani anapiga chenga kulipa. Mjukuu wake alikuwa amemwambia kwamba Microsoft, wenye Windows yao, wanaikata, kama anavyokatiwa maji asiyelipa bili. Tangu Jumapili hakuthubutu kuigusa.

Nikaiwasha mbele yake. Ilitumia dakika nne na ushee kufika kwenye picha ya mbele, diski inakwaruza krr krr muda wote. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi. "Si unaona? Imeshaanza."

Hapo ndipo penye fundo. Mwalimu alikuwa amechanganya maradhi mawili yasiyo na udugu wowote, na hayuko peke yake. Watu huizungumzia kompyuta kama ng'ombe: ikizeeka imezeeka yote, kuanzia pembe mpaka mkia. Sivyo. Ndani yake kuna vitu kadhaa, kila kimoja kina umri wake, na katika miaka karibu 30 ninayokula kutokana na kazi hii nimeviona vikipokezana kuzeeka. Leo kinachochoka ni hiki, kesho kile. Ili kumwelewesha mwalimu ilibidi nianzie kwa jirani yangu.

Meza, kabati na mshonaji

Mlango unaofuata baada ya wangu kuna dada fundi cherehani. Yeye mwenyewe, macho yake na mikono yake, ndiye prosesa: kazi yote hupita kwake. Nyuma yake kuna kabati limejaa vitambaa vya wateja. Hilo ndilo diski. Vilivyomo vinabaki humo hata akifunga duka akaenda kulala. Mbele yake kuna meza ya kukatia, nayo ndiyo RAM. Kitambaa hakikatwi kikiwa kabatini, lazima kitolewe kitandazwe mezani. Jioni meza inafagiliwa, na kilichosahaulika juu yake kinaondoka na vipande vya takataka. Ndiyo maana umeme ukikatika ghafla, barua uliyokuwa hujaihifadhi inapotea lakini ile ya jana ipo. Ya leo ilikuwa bado mezani.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kidogo kwa sababu halishikiki. Mfumo endeshi, yaani Windows, au Android ya kwenye simu, ni utaratibu wa duka lile: nani kafika kwanza, kitambaa kipi ni cha nani, nani haruhusiwi kupekua kabati. Utaratibu haushoni hata kishikizo. Ila bila huo dada angekuwa na mikono, meza na kabati, asijue aanze na gauni gani.

Ukishaiweka picha hii kichwani, malalamiko mengi ya wateja yanajijibu. "Fundi, simu yangu ina GB 128, mbona nzito?" GB 128 ni kabati. Meza yake huenda ni GB 2 au 3. Kabati hata liwe la ukuta mzima, kama meza ni ya kukunjia leso utakata suruali kwa shida. Na meza ikijaa kabisa, kompyuta haikatai kazi. Huanza kurudisha vitambaa kabatini na kuvitoa tena, huku na huko, kila dakika. Ile krr krr ya laptopu ya mwalimu ilikuwa sauti ya safari hizo.

Nikiwa hapo niseme na lile la kubofya kitufe cha kulia na kuchagua kurifreshi mara kumi ili mashine "ipumue". Wasomi wanafanya, mameneja wanafanya, mimi mwenyewe niliwahi kufanya. Inachorwa upya ile picha ya mbele na alama zake, basi. Meza haisafishwi hata inchi.

Kingine kilichowahi kunitia matatani ni diski mpya. Miaka ya nyuma kidogo kijana mmoja nusura anishike shati: kanunua diski ya GB 500, nimemfungia, Windows inamwambia ana 465. GB 35 nimezipeleka wapi? Hakuna aliyeiba. Kiwandani GB moja huhesabiwa kuwa baiti bilioni 1 kamili, na baiti moja ni kama nafasi ya herufi moja. Windows huhesabu kwa kuzidisha mbili mbili, hivyo kwake GB moja ni baiti 1,073,741,824. Gawanya bilioni 500 kwa namba hiyo utapata 465 na kitu. Ni kama pishi na kilo: mchele ni uleule, mizani ndiyo mbili. Tangu siku ile naandika hesabu hiyo kwenye kipande cha boksi na kukibandika ukutani.

Disketi ya 11

Nilianza 1997, Kariakoo, kwa mzee aliyekuwa fundi wa taipureta. Yeye alikuwa ameishi miaka ambayo kompyuta ilikuwa bidhaa ya magendo. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza 1965, Wizara ya Fedha, lakini 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini baada ya mradi wa kuweka hesabu za Hazina kwenye mashine kwenda mrama na kula fedha nyingi. Kwa hiyo kampuni ya IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981, mashine iliyoizaa hii unayoitumia, mzee wangu alikuwa anabadilisha riboni na kupaka mafuta vyuma vya taipureta. Mlango ulipofunguka, alijifunza kompyuta kwa mikono ileile, na mpaka anaacha kazi alikuwa akiisikiliza mashine kabla ya kuifungua.

Mashine ya kwanza aliyoniachia niiguse mwenyewe ilikuwa ya prosesa iitwayo 486, yenye kasi ya megahezi 66, RAM ya MB 8 na diski ya MB 420. Laptopu ya mwalimu ina RAM ya GB 4, na GB moja ni MB 1,024. Hiyo ni meza kubwa mara 512 kuliko ile, na leo tunaiita ndogo.

Kila kitu siku zile kilibebwa kwa disketi, kile kibao cha plastiki cha MB 1.44. Picha moja unayopiga na simu leo ingetaka disketi mbili au tatu. Windows 95 ilikuja kwa disketi 13. Unaingiza ya kwanza, inasoma kwa kukoroma, inakuomba ya pili, na wewe umekaa pale kama mtu anayelisha mtoto uji. Seti yetu ilikuwa na ugonjwa: ya 11 iliota ukungu. Joto na unyevu wa Dar havina huruma na sahani ya sumaku. Unafungua kile kijimlango cha chuma, unaona madoa meupe kama ya mkate uliolala. Mzee alinifundisha kuchovya pamba kwenye spiriti, kuizungusha ile sahani nyembamba taratibu kwa kidole, kufuta, kuacha ikauke, kisha kujaribu. Ukikosea, unarudi disketi ya kwanza. Siku moja nilirudi mara 4.

Nalieleza hili kwa sababu ndilo linalofafanua uhaba wa zama zile, na uhaba huo ndio uliozaa ile hofu ya mwaka 2000. Wengi wanaikumbuka kama uzushi wa wazungu. Haikuwa uzushi. Waandishi wa programu za zamani waliandika mwaka kwa tarakimu mbili, 74 badala ya 1974, kwa kuwa kila baiti ilikuwa ghali. Ikifika 00, mashine itajuaje kama ni 2000 au 1900? Kazi yangu ya miezi ya mwisho ya 1999 ilikuwa kuzunguka kwenye maofisi, naweka saa ya kompyuta iwe dakika mbili kabla ya usiku wa manane wa Desemba 31, halafu nangoja. Nyingine zilivuka salama. Nyingine ziliruka zikarudi 1980, na hizo ndizo nilizobeba kwenda kuzishughulikia. Duniani kote mafundi walikuwa wanafanya hivyo hivyo, ndiyo maana Januari ilipofika pakatulia watu wakasema hapakuwa na tatizo.

Kabati limebadilika kuliko kitu kingine chochote. Diski ya kwanza ya IBM, ya 1956, ilikuwa na sahani 50, ikazidi uzito wa tani moja, na ilibeba herufi milioni 5. Diski ya laptopu ya mwalimu ni mjukuu wake halisi: sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna mkono wenye kichwa kinachoelea karibu sana na sahani, mahali ambapo hata chembe ya vumbi haipenyi. Ukitaka faili, mkono lazima usogee, kisha usubiri sahani ilete mahali panapotakiwa. Ukitaka jingine, usogee tena. Kwa sekunde moja unaweza kufanya safari kama mia hivi. Zilikuwa nyingi mwaka 1997. Mfumo wa leo unapowaka unataka maelfu kwa maelfu ya vipande vidogo, kila kimoja kona yake.

SSD, diski ya kisasa, haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu, ndugu wa flashi na kadi ya simu. Hakuna kinachosogea, kwa hiyo hakuna kinachosubiriwa. Katika miaka yangu yote sijaona badiliko moja lililowashangaza wateja kama kutoa diski ya sahani na kutia SSD. Mtu anaondoka akidhani nimembadilishia kompyuta nzima.

Ila diski ya zamani usiigawe ovyo. Ukifuta faili, kinachofutwa ni jina lake kwenye orodha. Kitambaa chenyewe bado kimo kabatini mpaka kipate cha kukaa juu yake. Kufomati kwa haraka nako ni hivyo hivyo. Nimewahi kurudisha picha za harusi kutoka diski ambayo mwenyewe alikuwa ameapa ni tupu. Aliyefurahi ni bibi harusi. Sasa fikiria diski hiyo iko mikononi mwa asiyekutakia mema.

Mshonaji aliyeishiwa pumzi

Kwa prosesa nitapita haraka. Kati ya 1992 na 2002 kasi ilipanda kutoka megahezi 66 za ile 486 hadi zaidi ya 3,000 za Pentium 4. Sote tulidhani itaendelea hivyo. Kumbe kasi inalipwa kwa joto. Nilizifungua Pentium 4 nyingi zilizokuwa zinajizima zenyewe mchana wa Januari, na kati ya feni na bati la kupozea nakuta vumbi limejifuma kama blanketi, linabanduka lote kwa mkupuo. Ukilitoa na kupaka grisi mpya, mashine inafufuka. Watengenezaji walipofika ukingoni wakabadili mbinu. Badala ya kumkimbiza mshonaji mmoja, wakaweka wawili, kisha wanne, kwenye meza moja.

Ndiyo sababu namba ya GHz (GHz moja ni megahezi 1,000) haikuambii mengi tena. Prosesa ya mwalimu ni ya GHz 2.3, chini ya Pentium 4 ya 2002, na inaiacha mbali mno. Na ndiyo sababu nawaomba wanaokwenda kununua mtumba wa kutoka Dubai waache kuuliza tu "ni i7?", jina la prosesa za kampuni ya Intel. Angalieni namba inayofuata kistari. i7-2600 ni kizazi cha 2, cha mwaka 2011. i3-12100 ni kizazi cha 12, na huyo mdogo anamtoa jasho kaka yake. Muuzaji mjanja atakutajia jina, namba ataizibia na stika.

Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na msiba mwingine uliotupa mafundi ulaji. Kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vitu vyote, husimama vikopo vidogo vya kutuliza umeme, kapasita. Vingi vya miaka ile vilitengenezwa na dawa mbovu ndani. Unafungua kasha unavikuta vimevimba kichwani kama paketi ya maziwa yaliyochacha, vingine vimetoa utomvu wa kahawia. Tulikuwa tunavingoa na kuchomelea vipya, kazi ya jioni moja. Leo mteja akiniletea laptopu nyembamba inayotaka kuongezwa RAM, mara nyingi namgeuzia ubao nimwonyeshe: imechomelewa palepale, hakuna pa kuchomoa. Mashine imekuwa bora, bisibisi yangu imekuwa butu. Sijui nifurahi au ninune.

Zile za zamani ndizo nilizozipenda kwa jambo dogo. Mashine inalia piip piip piip na kioo cheusi, mteja anatetemeka. Unachomoa RAM, unachukua raba ya mtoto wa shule, unasugua meno yake ya dhahabu, unaipuliza, unairudisha. Inawaka. Bei ya kazi hiyo ilinisumbua dhamiri: utamtoza mtu shilingi ngapi kwa kusugua na raba?

Kiraka

Sasa turudi kwenye lile lililowatoa watu usingizini Oktoba 14.

Agosti 2003 niliitwa intaneti kafe moja hapa mjini. Kompyuta 10, zote za Windows XP, zote zinaonyesha kijisanduku kinachohesabu kutoka 60 kwenda chini, kikifika sifuri mashine inazima na kuwaka upya. Ikiwaka, baada ya muda inaanza tena kuhesabu. Wateja wameketi barazani, mwenye kafe ameshika kichwa. Alikuwa mdudu anayeitwa Blaster. Tofauti yake na virusi tulivyozoea ni kwamba hakuhitaji mtu afungue kitu. Alipita kwenye tundu lililokuwa ndani ya Windows yenyewe. Kuunganishwa tu na intaneti kulitosha.

Kulikuwa na ujanja: kabla sekunde hazijaisha unaandika amri "shutdown -a" na hesabu inasimama. Nilikuwa nakimbia kutoka mashine hadi mashine nikiiandika, jasho linatiririka, kama mtu anayeziba bomba lenye matundu 10 kwa vidole. Kilichonikera nilikijua jioni. Microsoft walikuwa wameshatoa dawa ya tundu lile Julai, mwezi mzima kabla. Ilikuwepo. Hatukuichukua, kwa sababu kwa modemu ya wakati ule kupakua masasisho kulikuwa ni kuteketeza pesa. Nikaipakua kwa mashine moja iliyonusurika, nikaichoma kwenye CD, nikazichomoa zote kutoka mtandaoni na kuzitibu moja baada ya nyingine hadi usiku wa saa tano.

Hiyo dawa, kwa Kiswahili chetu cha karakana, ni kiraka, na sijapata neno linalofaa kuliko hilo. Mfumo endeshi ni vazi lenye mamilioni ya mishono. Kila mwezi mtu mahali fulani anagundua mshono ulioachia. Waliolishona vazi wanatuma kiraka, kompyuta inakivaa yenyewe usiku, wewe unalalamika kwamba imekula bando.

Kilichotokea Oktoba 14 ni kwamba Microsoft waliacha kutuma viraka vya bure kwa Windows 10, vazi walilolitoa Julai 2015. Ndiyo habari yote. Hakuna swichi waliyobonyeza. XP viraka vyake vilikoma Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na mpaka leo naziona zikifanya kazi kwenye maduka ya vipuri na stesheneri. Nguo haichaniki siku fundi anapokataa kuitia kiraka. Itachanika siku itakaponasa msumari, na hapo hapatakuwa na wa kuishona.

Kwa hiyo wanaosema "inazimwa" wamekosea, na wanaosema "hakuna shida kabisa" nao wamekosea. Mashine inayoandika risiti dukani na haijui intaneti inaweza kukaa miaka. Inayofungua benki na barua pepe, hiyo inatembea usiku mlango wazi.

Mbona basi asihamie Windows 11? Kwa sababu Windows 11 ina masharti. Inataka kichipu cha kutunza funguo za siri kinachoitwa TPM, toleo la 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia takriban kizazi cha 8. Ya mwalimu ni i5-6200U. Soma namba baada ya kistari: kizazi cha 6. Imenyimwa viza, ingawa nguvu za kazi yake inazo. Kuna njia za kuilazimisha, vijana wanazifanya, ila mimi hesabu za kikoba cha watu siziweki juu ya njia ya panya.

Laptopu ya mwalimu

Nilimweleza yote haya akiwa ameketi kwenye kigoda, miwani puani, kama anayesahihisha insha. Mwisho akasema, "Kwa hiyo mgonjwa ana maradhi mawili. La kabati, na la viraka."

Ndivyo hasa. Kwanza nikatoa nakala ya hesabu zote kwenye flashi mbili, moja yake, moja ya katibu wa kikoba. Nikahamisha kila kitu kwenye SSD ya GB 240. Kwenye mazabodi kulikuwa na tundu moja la RAM lililo wazi, nikaongeza GB 4 zikawa 8. Diski yake ya sahani nikaitia kwenye bahasha nikamkabidhi, nikamwambia asimpe mtu. Kwa upande wa viraka, Microsoft wameacha mlango nusu wazi: anayejiandikisha anaongezewa viraka vya usalama hadi Oktoba 13, 2026, na kuna njia ya kufanya hivyo kwa akaunti ya Microsoft bila kulipa. Nikamwandikisha.

Nikaiwasha. Sekunde zisizofika 20. Mwalimu akagusa kava kwa kiganja, nadhani alikuwa anatafuta ile krr krr.

"Na Oktoba ijayo?"

Nikachomeka flashi yangu yenye Linux Mint, mfumo wa bure ulioshonwa na watu wengine kabisa, nikaiwasha kutoka humo bila kugusa SSD. Nikafungua faili lake la kikoba. Safu zilezile, majina yaleyale, hata rangi nyekundu ya wadaiwa ipo. Akalitazama kwa muda, akashuka hadi mstari wa chini, akakagua jumla kwa kidole.

"Hii nayo inazimwa lini?"

"Haizimwi, mwalimu."

"Ndiyo, ndiyo, nimekuelewa. Viraka vyake vinakoma lini?"

Nikamwambia toleo hili linatiwa viraka hadi 2029. Akatoa kalamu kwenye mkoba, akaiandika tarehe hiyo nyuma ya daftari la kikoba, chini ya orodha ya wanaodaiwa.